Birika la Ngome, Pipa la Uani

Ukiingia Ngome ya Yesu hapa Mombasa na mtembeza wageni, utavutwa haraka kwenye mizinga, kisha kwenye michoro ya mabaharia wa Kireno, kisha kwenye nyumba ya Waomani yenye dari ya kuvutia. Wewe baki nyuma kidogo. Humo humo ndani ya kuta mna vitu viwili ambavyo wageni wengi huvipita bila hata kusimama kupiga picha. Kimoja ni birika la wazi walilojenga Wareno kukinga maji ya mvua. Cha pili ni kisima kilichozamishwa kwenye mwamba wa matumbawe, futi 76 kwenda chini, na baada ya kazi yote hiyo maji yake yakatoka ya chumvi. Hayakunyweka. Yakawa ya kuoshea tu.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na miaka mia na ushei baadaye Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Watu walioishi ndani ya boma, bahari mbele yao, hatimaye walikuwa na maji ya namna mbili: ya mbinguni na ya shimoni. La kutazama hapo ni kwamba birika na kisima havikushindana. Kila maji yalikuwa na kazi yake.

Huo ndio mpango ninaotaka uuchukue uende nao nyumbani, maana kisiwa chetu hakijabadilika sana. Maji yetu ya mfereji yote hutoka ng'ambo: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Marere kwenye milima ya Shimba, visima vya Tiwi, na vya Baricho kando ya mto Sabaki. Hakuna hata tone la maji hayo linalozaliwa kisiwani. Bomba likikauka, unasikia mkokoteni wa mitungi ukigonga mawe ya kichochoro, na bei ya mtungi hupanda kabla hata hujafungua mlango. Visima tunavyo, ila vingi vina chumvi, na vile visivyo na chumvi viko karibu mno na mashimo ya vyoo kiasi kwamba simshauri mtu kuyanywa maji yake. Kinachobaki ni paa.

Makosa ya watu wengi huanza dukani. Mtu huamua kuvuna mvua, akanunua tangi kubwa kuliko mfuko wake, akalijaza, akalitumia kwa kila kitu, na siku ya nne likawa tupu. Hapo husema mvua haitoshi. Hebu tufanye hesabu kabla ya kutoa pesa. Nyumba ya watu sita, kwa kunywa, kupika na chai ya asubuhi na jioni, itatumia kama lita 36 kwa siku, yaani lita sita kila mtu. Tangi la lita 1,000 litawafikisha karibu mwezi mzima. Watu hao hao wakioga, wakifua na kumwaga chooni kwa maji hayo hayo, watahitaji lita 300 kwa siku bila israfu yoyote, na tangi lile lile litaisha siku ya nne. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tangi la ukubwa gani, amua maji ya mvua ni ya nini. Jibu langu ni hili: ya mdomoni kwanza, ya vyungu vya maua pili, na kisima kiendelee kuhudumia sakafu na choo kama kilivyofanya ngomeni.

Hesabu ya paa

Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja. Hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo. Pima urefu na upana wa nyumba kwa chini, ukizidisha vipimo vya ardhi iliyofunikwa na paa wala si vya mabati yenyewe yalivyoinama, maana mvua haijali mwinamo. Chukua paa la mita za mraba 40, ambalo Mji wa Kale ni la kawaida. Mvua nzuri ya milimita 30 italeta lita 1,200. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayorukia nje, yanayokauka na yanayonywewa na paa lenyewe. Unabaki na lita 960. Mvua moja, tangi moja. Paa la sakafu ya chokaa au zege hunywa zaidi kidogo kuliko mabati, hasa siku ya kwanza baada ya kiangazi.

Mombasa hupata takriban milimita 1,000 na ushei kwa mwaka, lakini hazigawanywi kwa haki. Mvua za mwaka, ambazo wenzetu wa Unguja na bara huziita masika, huanza mwishoni mwa Machi na kilele chake ni Mei. Mwezi huo peke yake huweza kupita milimita 200. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, na haina ahadi: mwaka mmoja hunyunyiza, mwaka mwingine hutugharikisha, kama Novemba 2023. Januari na Februari, Kaskazi ikivuma, usitegemee kitu. Maana yake ni kwamba Mei utamwaga maji kwa kukosa pa kuyaweka, na Februari utatazama mawingu matupu. Hakuna tangi linaloingia katika ua wa Kibokoni, Mji wa Kale, litakalokuvusha kutoka Mei hadi Machi. Likikupunguzia mitungi ya mkokoteni kwa miezi saba au minane, limefanya kazi yake.

Sasa panda juu ulitazame paa lako. Mabati yasiyo na kutu ni mazuri. Vigae vizuri pia. Zege na sakafu ya chokaa vinafaa, mradi pasiwe na mahali maji yanapotuama. Makuti yaache: maji yake hutoka rangi ya chai na harufu ya uozo, yanafaa bustani tu. Paa la asbesto, ambalo bado liko kwenye baadhi ya nyumba kuukuu, usilivune kwa ajili ya kunywa, na usimruhusu fundi alikate au alitoboe ili kufunga gata. Vumbi lake ndilo baya. Rangi za zamani zenye risasi nazo ni hivyo hivyo.

Halafu kuna kunguru. Yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, mgeni kutoka Bara Hindi aliyekuja akajifanya mwenyeji, hulala kwa mamia juu ya miti yetu na hula juu ya mapaa yetu. Mifupa ya samaki, maganda ya mayai, vipande vya nyama ya Marikiti, na kinyesi juu ya hayo yote. Mpaka serikali ilitangaza kutaka kuwaangamiza milioni moja. Mpaka hapo watakapokwisha, kila unapoona maji meupe yakishuka kutoka paani, fikiria kwanza nani alilala huko juu. Kata tawi lolote linaloning'inia juu ya paa, ondoa antena mbovu ambayo imekuwa kiti chao, na usiwaachie mabaki ya chakula huko juu.

Maji ya kwanza si yako

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda na pesa, kuliko kwenye tangi lenyewe. Dakika za mwanzo za mvua huosha paa. Zinabeba vumbi, masizi ya magari, chumvi iliyoletwa na Kusi kutoka baharini, na hizo amali za kunguru. Ukiyakamata maji hayo umeyakamata yote. Ukiyaachia yaende, yanayofuata huwa safi kiasi cha kukushangaza.

Njia ya kimaskini, ambayo haina ubaya wowote, ni kuliacha bomba la kuteremshia maji bila kuligundisha kwenye tangi. Mvua ikianza, lielekeze pembeni. Subiri dakika 10 au 15 za mvua ya nguvu, kisha ligeuze liingie tangini. Inahitaji mtu awe nyumbani na akubali kulowa. Bibi zetu walifanya hivyo hivyo kwa ndoo: ya kwanza ilimwagwa, ya pili ilioshea sufuria, ya tatu ndiyo iliingia mtungini.

Njia ya fundi ni hii. Bomba la plastiki la inchi 4 linaloshuka kutoka kwenye gata liwekewe tii kabla halijageukia tangi. Mkono mmoja wa tii uende tangini. Mkono unaotazama chini uendelezwe kwa bomba lile lile hadi karibu na ardhi, na mwisho wake uzibwe kwa kifuniko cha kufungua. Mvua ikianza, maji machafu hushuka na kujaza lile bomba la chini. Likishajaa, yanayofuata hayana pa kwenda ila tangini. Bomba la inchi 4 hubeba lita nane hivi kwa kila mita. Kwa paa la mita za mraba 40 unahitaji kumwaga angalau lita 20, nusu lita kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo bomba la kwenda chini lenye urefu wa mita mbili na nusu linatosha. Baada ya kiangazi kirefu mwaga mara mbili yake: likijaa mara ya kwanza, lifungue, limwagike, lifunge tena.

Toboa kifuniko cha chini tundu dogo la msumari. Litachuruzika polepole na kujimwaga lenyewe baada ya mvua, hivyo mvua ya pili itakuta nafasi. Usipotoboa, lazima ukumbuke kufungua kwa mkono kila mara, na nakuhakikishia hutakumbuka. Chini ya tundu hilo weka chungu cha mpapai au mdimu. Kinyesi cha kunguru kwa mdimu ni zawadi.

Gata nazo zina siri moja, nayo ni mwinamo: sentimita moja kwa kila mita, kuelekea kwenye bomba la kushukia. Ikiwa bapa kabisa, maji hutuama na mbu hushukuru. Ikiinama sana, mvua kubwa huruka nje. Karibu na bahari usinunue gata za bati jembamba hata kama fundi anakuapia. Chumvi itazila kabla hujamaliza kumsifu. Plastiki hudumu, mradi misumari na vishikizo navyo visiwe vya chuma kinachoshika kutu. Nyumba za zamani zenye sakafu bapa hazina gata bali milizamu, ile midomo ya mawe au ya mbao inayotoka ukutani na kumwagia kichochoroni juu ya vichwa vya wapita njia. Huna haja ya gata hapo. Funga chombo chenye mdomo mpana chini ya mlizamu, kiwe na wavu juu na bomba chini, na umeukamata mkondo wote mahali pamoja. Na kama mlizamu unatazama barabara, ambako kila jiwe ni la historia, usianze kupigilia mabomba ukutani kabla ya kuuliza Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Eneo hili linalindwa, na bomba la rangi ya machungwa juu ya ukuta wa karne ni jambo linaloweza kukuletea barua.

Tangi: wapi, si kubwa kiasi gani

Lita moja ni kilo moja. Lita 1,000 ni tani moja. Sentensi hizo mbili ziseme taratibu mbele ya yeyote anayetaka kuweka tangi juu ya sakafu ya nyumba ya kale. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya Mji wa Kale ni vyembamba: boriti haikufika mbali zaidi. Zilikatwa kubeba chokaa, mawe na watu waliokaa juu kupunga upepo jioni. Hazikukatwa kubeba tani ya maji mahali pamoja usiku na mchana, na nyingine mchwa wameshazionja. Tangi likae chini.

Chini nako kuna adabu yake. Lijengee kitako cha mawe au matofali, bapa kabisa, urefu wa magoti hivi, ili ndoo iingie chini ya mfereji. Mfereji uwe juu ya sakafu ya tangi kwa sentimita kumi, tope lilale chini yake bila kusumbuliwa. Bomba la kuingizia maji lishuke hadi karibu na chini kisha lipinde kutazama juu, ili maji yapande taratibu bila kulichafua lile tope. Rangi ya tangi iwe nyeusi au ya kiza. Tangi linalopitisha mwanga huota ukijani. Ukitumia pipa la lita 210 lililotumika, uliza lilikuwa na nini. La sharubati au mafuta ya kupikia, sawa, lioshe. La dawa za kiwandani au rangi, mwachie mwenyewe, hata akupe bure.

Bomba la ziada ni jambo ambalo watu hulifikiria siku tangi linapofurika usiku wa manane wa Mei. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na matumbawe hunywa maji kama mkate kwenye chai. Maji yakituama chini ya ukuta, hupanda, yakibeba chumvi, na baada ya miezi michache chokaa huanza kuvimba na kudondoka. Wengi hapo hukimbilia saruji. Saruji huufungia unyevu ndani, na ukuta ukaendelea kuoza nyuma ya pazia. Nililipata somo hili kwa aibu: tangi langu la kwanza lilifurikia upande wa jirani, na kwa muda sikujua, mpaka Mama Mkubwa wa nyumba ile akaniita barazani, akanipa kahawa, akanisubiri niimalize, ndipo akanionyesha ukuta wa chumba anachosalia. Hakusema neno la ukali. Nilimpelekea fundi wa chokaa wiki hiyo hiyo. Bomba la ziada lipeleke mbali na msingi wowote, wako na wa jirani, mpaka kwenye mfereji wa maji ya mvua au kwenye shimo la mmea unaopenda maji, kama mgomba.

Mbu wa mchana

Hili halipitiwi juu juu. Mwaka 2004 ugonjwa wa chikungunya ulilipuka Lamu na kuwapata watu wengi sana, kisha ukafika Mombasa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linaeleza mtu aliyekunjamana kwa maumivu ya viungo, kwa sababu ulitambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. La kushangaza ni kwamba Lamu haikuwa na mvua wakati ule. Kulikuwa na ukame. Watu waliweka maji majumbani kwenye vyombo visivyobadilishwa maji mara kwa mara, na mbu akapata makao. Mwaka 2013 dengi nayo ilitupata Mombasa, na mwenye kuibeba ni mbu huyo huyo mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na anayependa maji safi ya chomboni kuliko matope ya mtaroni.

Kwa hiyo pipa lisilofunikwa ni hatari Mei na ni hatari Februari. Kila tundu liwe na wavu: kifuniko cha juu, mdomo wa kuingizia na, hasa, mwisho wa bomba la ziada. Mimi nilifunika juu nikaona nimemaliza. Walikuwa wakiingia na kutoka kwa bomba la ziada kama watu wa feri. Tundu za wavu zisizidi milimita moja. Wavu wa dirishani unatosha, ufunge kwa waya usiofanya kutu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi, kwa hiyo vyombo vidogo visivyofunikika, sahani za chini ya vyungu, ndoo ya uani, chombo cha kuku, vimwagwe mara moja kwa wiki. Na kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai hugandamana ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri. Sugua kuta za chombo kwa makumbi ya nazi au burashi.

Wazee walikuwa na njia yao kwenye mabirika ya nyumba na misikiti: samaki wadogo wawili watatu, ambao kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi. Ni njia nzuri hata leo kwa birika la kuogea au la bustani. Kwa tangi la kunywa, wavu unatosha. Usimwage mafuta ya taa kwenye maji utakayotumia.

Kunywa, na kutokunywa

Maji ya mvua yaliyomwagwa ya mwanzo na kulazwa kwenye tangi lililofunikwa huonekana safi, na ladha yake ni baridi, kwa maana ile yetu ya pwani: hayana chumvi. Sabuni hutoa povu mara moja, nywele hulainika, na chai, naapa, ni chai nyingine. Lakini safi machoni si salama tumboni. Yachemshe mpaka yachemke kwa nguvu dakika moja nzima, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, subiri nusu saa. Asiye na mkaa wa ziada anaweza kutumia jua, tunalo kwa wingi: chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita mbili, zilizojazwa maji yasiyo na ukungu, zilazwe juu ya bati saa sita za jua kali. Siku ya mawingu, siku mbili. Ya mtoto mchanga yachemshwe daima.

Kwa kutawadhia hakuna shaka, maji ya mvua ni tohara. Na hapa kuna faida kwa bustani ambayo naona tunaitupa kila siku mara tano. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, maji yaliyokwisha kutawadhiwa ni mustaamal: ni safi, ila hayatawadhiwi tena. Ni safi! Hayana sabuni, hayana mafuta, na kila mtu hutumia lita mbili tatu. Weka beseni chini ya mfereji wa udhu. Nyumba ya watu sita itapata zaidi ya lita 60 kwa siku, ambazo zinatosha vyungu vyote vya uani na kubakisha. Msikiti wenye uwanja wenye miti unaweza kuyaongoza maji haya kwa mtaro mdogo badala ya kuyapeleka kwenye mfereji wa taka.

Maji ya kuoshea mchele yamwagie mimea siku hiyo hiyo. Ya kuoshea samaki pia, ila yafukie shinani, la sivyo paka wote wa mtaa wa Ndia Kuu watakuja. Ya kukoshea vyombo, mradi sabuni ilikuwa kidogo na mafuta si mengi, yanafaa mgomba na mnazi. Ya kufulia ni mjadala. Sabuni za unga zina chumvi zake, nazo hujikusanya kwenye udongo. Sabuni ya kipande ina madhara kidogo. Nayaruhusu kwa mgomba mara moja moja, siyaruhusu kwa mboga za kula mbichi, na yenye dawa ya kutakatisha nguo siyaruhusu popote. Maji yaliyotumika hayalazwi. Ya leo yamwagwe leo, kesho yatanuka.

Vyungu vya asumini

Bustani ya Mji wa Kale ni vyungu, na vyungu vyetu vina adui mmoja, chumvi ya kisima. Utaiona kwanza kwenye ncha za majani ya asumini: zinakuwa za kahawia, kavu, kana kwamba kuna mtu alizipitishia kibiriti. Kisha ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu. Watu hudhani ni kiu na huongeza maji yale yale, chumvi juu ya chumvi.

Dawa ni mvua. Mara moja Mei na mara moja Novemba, kichukue kila chungu na ukimwagie maji ya mvua mara mbili au tatu ya ujazo wake, polepole, mpaka yatiririke chini kwa muda. Chumvi inatoka nayo. Hakikisha matundu ya chini hayajaziba. Kisha kwa mwaka mzima, ukiwa na maji machache ya mvua, uyagawe kwa uchungu wa mtu anayegawa pesa: asumini, waridi na kilua kwanza, maana hazivumilii; mrehani baadaye; mshubiri na mkadi wasubiri ya kisima, hawatakulaumu. Ukipenda vikuba vya asumini, hii ndiyo bei yake.

Funika udongo wa chungu kwa makumbi yaliyochambuliwa, unene wa vidole viwili. Jua la saa saba halitapata kitu cha kukausha. Mwagilia baada ya Alasiri au kabla ya jua kuchomoza. Wakati wa Kaskazi, chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu la sindano kwenye kifuniko na kuchomekwa kichwa chini shinani itauvusha mchicha siku mbili tatu ukiwa safarini.

Wiki ya pili ya Machi, kabla mawingu hayajaanza kujipanga juu ya Likoni, fanya hivi: fagia paa, toa majani kwenye gata, fungua kifuniko cha bomba la maji ya kwanza na uone kama tundu lake halijazibwa na nyigu. Mimina ndoo moja juu ya gata, utazame yanapopita. Kisha ingiza mkono tangini, usugue kuta mpaka zikose utelezi, uyamwage ya kuoshea kwenye mdimu. Wavu uliotoboka ubadilishe siku hiyo, si baada ya mvua ya kwanza, maana mvua ya kwanza huja usiku.